Waliolalamika wakapewa funguo



Mwezi uliopita, katika kikao cha halmashauri ya walei, mwenyekiti wa kigango chetu cha mbali alisimama akasema, “Baba, michango yetu mnaipokea kila mwaka, ila mabati yanaishia hapa hapa parokiani. Sisi bado tunasali chini ya mwembe.” Ukumbi ukawa kimya. Nilichofanya hakinifurahishi: papo hapo nilimteua kuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi. Watu wakapiga makofi, naye akakaa. Lakini kamati ile haishiki funguo za stoo, wala haisaini hundi.

Usiku ule nilifungua Matendo ya Mitume, sura ya 6. Mnaikumbuka habari yenyewe. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, na tayari lilikuwa na manung’uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba walalamikaji wametumwa, wala kwamba wanavuruga umoja. Waliita mkutano, wakakiri kwamba kazi imewazidi, wakawaambia waamini wachague wenyewe watu saba.

Sasa tazama majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kwa hiyo mkate wa wajane wote, pamoja na wale wa Kiebrania, uliwekwa mikononi mwa upande uliokuwa ukilia njaa. Hapo kuna ujasiri ambao mimi, padri wa miaka mingi, nilishindwa kuuonyesha kwa ajili ya mabati tu.

Katika nchi yetu, ndugu zetu wa Zanzibar, walio wengi Waislamu, wamejaribu jambo linalofanana na hilo. Waliingia humo wakiwa na makovu. Januari 2001, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, waandamanaji waliuawa kwa risasi, hasa Pemba, na watu zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Miafaka ya 1999 na 2001 ilitiwa saini na vyama, kisha ikafifia. Ndipo Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana uso kwa uso. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, na takribani asilimia 66 wakakubali.

Katiba ikabadilishwa: Makamu wa Kwanza wa Rais atoke chama kilichoshika nafasi ya pili, na wizara zigawanywe kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani. Naamini sababu mojawapo ni kwamba safari hii mwananchi wa kawaida aliulizwa, na jibu lake likaandikwa mahali ambapo kiongozi mmoja hawezi kulifuta akiamka vibaya.

Lakini tuseme ukweli wote. Oktoba 2015 matokeo yalifutwa kabla hayajakamilika kutangazwa. CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Desemba 2020. Kanuni ya kugawana ilikuwa imeandikwa vizuri, ila mkate hauwezi kugawanywa kwa haki kama watu hawaamini aliyeuhesabu. Ndiyo maana nawashangaa wanaosema serikali ya pamoja inatosha, haya ya tume na kura tusubiri.

Liko na swali la pili, nalo linanigusa mimi. Wote wakikaa mezani, nani atauliza mbona wajane hawajala? Cheo kinaweza kuwa njia ya kumsikiliza mtu, na kinaweza kuwa njia ya kumnyamazisha. Kanisani tunaijua sana hii ya pili: mlei mwenye kelele mpe uenyekiti wa kamati, utaona anavyotulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya 1965, uliona hatari hiyo. Ulitaka kazi na vyombo vya utawala vigawanywe ipasavyo, na pia haki za watu zilindwe na mfumo usiomtegemea mtawala. Vyote viwili. Waziri kutoka upinzani ni jambo jema, lakini mvuvi wa Micheweni anahitaji pia mahakama na mwandishi wa habari wasiomwogopa waziri huyo.

Basi Jumatatu niliendesha pikipiki hadi kule kigangoni. Nilimkuta mwenyekiti shambani, tukaketi chini ya mwembe uleule. Nikamuuliza kama ile nafasi ya kamati imewafaa. Akacheka, akasema, “Baba, ulinipa kiti, hukunipa bati.”

Halmashauri inakutana tena Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Nimeomba vigango vyenyewe vichague mtunza stoo na mtia saini mmoja. Mhasibu wetu wa parokia hajafurahi, na baadhi ya wazee wa hapa makao makuu wamekwisha kuja kuniona, mmoja mmoja, jioni.