Makbeth akivaa Kichina, tucheke nini?

Vijana wetu hapa Mwese wameleta wazo: Makbeth, tanzia ya Shakespeare, iigizwe kama vichekesho, na watu wake wawe Wachina. Baadhi yetu tulikataa papo hapo. Mtu anamuua mfalme aliyelala nyumbani kwake akiwa mgeni, halafu watazamaji wacheke?

Tumebadili mawazo, ila si yote.

Kicheko hakikuletwa na vijana. Shakespeare mwenyewe, mfalme akishauawa tu, anamleta bawabu mlevi anayebwabwaja langoni. Wachina nao wameshaufanya mchezo huu kuwa wao: mwaka 1986 kundi la Shanghai liliuigiza kwa kunqu, sanaa yao ya kale ya kuimba na kucheza, na wachawi watatu wakapewa waigizaji wa kuchekesha. Ulibaki tanzia. Kwetu pia mtani huja msibani akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na mfiwa hucheka machozi yangali shavuni.

Kinachotusumbua ni tulichokiona mazoezini. Kijana mmoja alivuta macho yake kwa vidole, akatoa sauti za puani zisizo na maana, watu wakavunjika mbavu. Hapo Makbeth hakuwapo tena. Alichekwa Mchina kwa sura yake, si muuaji kwa tamaa yake. Mtani humtania anayeweza kumjibu; Mchina hakuwamo ukumbini. Kule Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yapo makaburi ya Wachina waliofia katika kazi ya TAZARA. Je, kijana yule angethubutu kuigiza vile mbele ya makaburi hayo? Na hapa Mwese, walipopokelewa wakimbizi wa Rwanda miaka ya 1960, waulizeni wazee inauma vipi mtu akichekewa lafudhi yake.

Basi mchezo uendelee. Samuel Mushi alishatutafsiria Makbeth mwaka 1968; Kiswahili kile kitumike. Wavae Kichina, nguo zishonwe vizuri. Wachekeshe kwa bwana mkubwa anayeingia karamuni akakuta marehemu amekalia kiti chake, na kwa mkewe anayenawa mikono mpaka ndoo inakauka. Akina mama wanaopanda mlima na maji kichwani watamcheka huyo kuliko mtu yeyote.

Mazoezi ni Jumamosi. Kijana yule tumempa nafasi ya bawabu.