Kidonda Kinataka Fedha, Lakini Si Kila Kidonda

Wasee, leo tuongee kuhusu vidonda. Si vya mapenzi, hivyo vina siku yake. Naongea kuhusu kidonda chenyewe, kile cha nyama na damu.

Binamu yangu ni wa nduthi. Mwaka jana aliteleza usiku wa mvua, na chuma cha kukanyagia kikamwingia mguuni, chini ya goti. Shimo lilikuwa refu. Hospitali hakwenda, ati ni kitu kidogo. Shangazi akafungua kepsuli mbili za antibiotiki na kumwaga unga wote ndani ya shimo. Usicheke, hata kwenu daktari kama huyo yuko.

Siku ya nne mguu ulikuwa umefura, homa imepanda, na harufu ilikuwa inafika mlangoni. Kule kliniki, nesi alikuta ule unga umeshikana juu kama simenti, na usaha umejaa chini yake. Alisafisha mpaka akafika nyama nyekundu, akaondoa iliyokufa, akampiga sindano ya pepopunda. Halafu akachukua utepe laini wa rangi ya kijivu, akaulaza ndani ya shimo polepole bila kuushindilia. "Hii iko na fedha," akasema. Binamu akauliza, "Fedha kama ya pete?" Ndio, kama ya pete.

Hapo Kiswahili kinatucheza. Fedha ni madini, fedha ni doo. Mguu wa binamu ulihitaji zote mbili, na hiyo ya pili ilibidi tuchangishane kwa grupu ya familia.

Sasa, ile fedha inafanya nini? Kidonda kirefu kina majimaji. Yakigusa bandeji, chembe ndogo za fedha zinaachiliwa. Zinaharibu ukuta wa bakteria, zinashika protini zake na DNA yake, mpaka inashindwa kuzaana. Inashambuliwa pande kadhaa kwa wakati mmoja. Utepe wenyewe nao unafyonza majimaji, na kutegemea aina, unaweza kukaa siku kadhaa bila kidonda kufunguliwa kila asubuhi. Na si uchawi mpya. Miaka ya 1880, daktari Mjerumani Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga tone la nitrati ya fedha machoni, wasipofuke kwa sababu ya kisonono cha mama. Ile krimu nyeupe ya waliochomeka moto, yenye fedha ndani, imekuwepo tangu miaka ya 1960.

Mguu ukapona. Shida ikaanza hapo. Binamu akageuka balozi. Mtoto wa jirani akikwaruzwa na paka, "tafuteni bandeji ya fedha." Mtu akijikata na kisu cha sukuma, "fedha!" Hapo ndipo mimi na yeye tunakosana, na nitakwambia kwa nini.

Kwanza, fedha ni ya kupigana na bakteria. Kidonda kisafi kisicho na maambukizi hakina vita, sasa unapeleka jeshi kufanya nini? Mwaka 2009 ilichapishwa ripoti ya utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 213 wenye vidonda sugu vya miguu. Waliofungwa bandeji ya fedha hawakupona zaidi ya wale wa bandeji ya kawaida. Bei tu ndiyo ilikuwa juu. Mwaka 2012 wataalamu wa vidonda kutoka nchi mbalimbali walishauri hivi: itumie wiki mbili, kisha angalia upya kama bado inahitajika.

Pili, bakteria si wajinga. Mwaka 1975 madaktari waliripoti kwamba katika wadi ya waliochomeka huko Boston, Marekani, kulipatikana Salmonella iliyozoea nitrati ya fedha pamoja na antibiotiki mbili. Tunajua kosa hili linakoelekea. Usugu wa bakteria kwa antibiotiki uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Unga wa kepsuli kwa kidonda ni sehemu ya tabia hiyohiyo. Tukiichezea fedha vile tulivyochezea antibiotiki, hata hiyo itatuacha.

Tatu, hakuna bandeji inayoosha uchafu, inayotoa nyama iliyokufa, au inayoshusha sukari ya mgonjwa wa kisukari. Utepe ulimsaidia binamu kwa sababu nesi alisafisha kwanza.

Najua utaniambia: "Rahisi kusema. Kepsuli ni ya bei ya chini, hiyo bandeji yako ni ya wenye nazo." Ni kweli, na sitajifanya sioni. Lakini angalia hesabu. Zile siku nne za kungoja nyumbani ndizo zilitugharimu. Maji safi yanayotiririka, kitambaa safi na kufika kliniki siku hiyohiyo vingetosha kumwepusha na mengi. Na kwa yule ambaye kidonda chake kimeshaharibika, bandeji ya fedha inafaa ipatikane pale anapotibiwa. Familia haifai kutumwa barabarani kuitafuta huku mgonjwa amelala na shimo wazi. Hilo ndilo tunafaa kudai kwa viongozi wetu. Tuache kupigia debe kila kitu kinachong'aa.

Shangazi bado ana kepsuli kwa kabati. Juzi nilijikata kidole, nikamwona akiinuka. Nikakimbilia mfereji.