Nguzo Hii Ina Umri Gani?

Ripoti inayosema nguzo ya msingi inabeba tani kadhaa, bila kutaja ilijaribiwa siku ya ngapi tangu ipigiliwe, haijasema kitu. Hata hivyo ripoti za namna hiyo zinaendelea kupigwa mihuri.

Ushahidi kwamba nguvu ya nguzo hubadilika kadiri umri unavyosonga tunao. Kinachotulemaza ni fomula ya logarithimu ya Skov na Denver ya mwaka 1988: unachomeka 0.2 kwa mchanga au 0.6 kwa udongo wa mfinyanzi, unapata jibu, unafunga jalada. Kwenye udongo wa mfinyanzi sababu ya nguzo kukaza inaeleweka: nyundo hupandisha shinikizo la maji yaliyo kati ya chembe, na likishuka udongo huikaba nguzo. Mchanga hupitisha maji hayo upesi, lakini nguzo huendelea kukaza. Huko Dunkirk, Ufaransa, ukinzani wa ubavu wa nguzo za mabomba ya chuma uliongezeka kwa takriban asilimia 85 kati ya miezi 6 na miaka 5. Hapo maji hayana kesi ya kujibu.

Kubwa zaidi ni hili, ambalo wapenzi wa fomula hulipita kimyakimya: nguzo iliyokwisha kuvutwa hadi ikasalimu amri si ile ya jana. Jardine, Standing na Chow walionyesha mwaka 2006, kwa majaribio ya Dunkirk hiyohiyo, kwamba nguzo ambazo hazijawahi kujaribiwa hupata nguvu zaidi ya zile zinazojaribiwa tena na tena. Kumbe nukta nyingi tunazozipitishia mstari mmoja ni za nguzo zilizokwisha kujeruhiwa. Ni sawa na kupima afya ya kijiji kwa wagonjwa wa zahanati.

Makala mbili za kwanza za toleo hili zinalichambua jambo hili, nami nimezitanguliza kwa makusudi. Ya tatu inahusu kutu na mchanga unaogandamana na chuma. Ya nne inatukumbusha kwamba kwenye baadhi ya miamba laini nguzo hupungua nguvu. Ya tano inaitetea fomula kwa ufasaha, na kwa data za nguzo zilizorudiwa kujaribiwa.

Wanaoandika masharti ya mikataba, nawaomba: wekeni nguzo kadhaa za majaribio, kila moja ijaribiwe mara moja tu kwa umri wake, na umri huo uandikwe kando ya tani. Mkandarasi akilalamikia gharama, mwambieni ajumlishe kwanza bei ya chuma anachokizika bila sababu.