Bustani Yetu: Mzabibu Hauogopi Mkasi



Wengi wetu hapa Uingereza tumepanda mzabibu kando ya ukuta, tukakipenda kivuli chake. Lakini kila mwisho wa kiangazi huvunjika moyo kwa kuona majani tele na zabibu ndogo zilizo kali. Aghalabu sababu ni huruma isiyo mahali pake: twaogopa kukata.

Mzabibu huzaa juu ya chipukizi la mwaka huu, lililotoka katika tawi la mwaka jana. Ukiachwa bila kupogolewa, macho mengi huchipua pamoja na nguvu za mti hugawanyika. Vichala huzidi, majani husongamana, jua halipenyi, na ukungu hupata makao. Sukari ya tunda hutengenezwa na jani lililopata mwanga. Mti uliolemewa na mzigo huchelewa kuivisha, na baridi ya huku haisubiri.

Basi tupogoe Desemba au Januari, mti ulalapo. Tukichelewa hadi majira ya kuchipua, utomvu hutiririka penye mkato. Tawi kuu lililolazwa juu ya waya tuliache. Yale yaliyoota juu yake mwaka jana tuyafupishe, kila moja libaki na macho mawili. Mche mchanga tusiuache uzae miaka miwili ya mwanzo. Tuyaondoe maua yake ili mizizi ishike.

Kwetu Dodoma, ambako hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mti, ni mkasi wenyewe unaouamsha. Kwa kupogoa, wakulima wa huko huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Huku Ulaya elimu hii imekuzwa zaidi na watengenezaji wa mvinyo, ambao hupunguza vichala makusudi ili vinavyobaki viwe na ladha nzito. Mvinyo si wetu, lakini elimu ya kulitunza tunda haina dhambi. Sisi tuna zabibu za kula mezani, zabibu kavu za kutia katika pilau, na majani machanga ya kufungia wali, kama wafanyavyo jirani zetu Waturuki na Waarabu.

Atakayekata baridi hii asishtuke kuuona mti umebaki kama fimbo kavu. Majira ya kuchipua yakifika, ataona machipukizi machache yenye nguvu, na watoto watakula tunda tamu la uani kwao, inshaAllah.

Wabillahi Tawfiq.