Mungu Anatawala, na Nahodha Ataulizwa

Katika misiba yetu kuna sentensi inayofika kabla jeneza halijashushwa kaburini: kazi ya Mungu haina makosa. Mchungaji huitamka, mwenyekiti wa kamati ya mazishi huirudia, waombolezaji huitikia amina. Ikisemwa kwa bibi aliyelala usiku na asubuhi hakuamka, akiwa ameona vitukuu, sina neno. Lakini husemwa pia kwa kijana aliyegongwa na basi lisilo na breki, kwa mzazi aliyevuja damu hadi kufa kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, na kwa abiria waliozama na chombo kilichojazwa kupita kiasi. Hapo napinga, na napinga nikiwa Mkristo ninayeamini kwamba hakuna kitu kilicho nje ya utawala wa Mungu.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia kabisa kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio, watu wanarudi na mizigo yao. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Mtoto wa darasa la pili akipewa namba hizo mbili anajua kuna jambo halikwenda sawa kabla kivuko hakijaondoka gatini. Na haikuwa mara ya kwanza: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, nayo ikiwa imejaza kupita uwezo wake, na mamia ya watu wakapotea.

Mtu akisimama mbele ya majeneza ya namna hiyo na kusema Mungu amepanga, anafariji kweli, lakini wakati huohuo anafunga mdomo wa anayetaka kuuliza. Nani alihesabu abiria? Nani aliona kimejaa akaendelea kukata tiketi? Anayeuliza huonekana amekosa imani.

Wanaotetea msemo huo wana hoja, na si hoja ya kudharau. Yesu alisema hata shomoro haanguki pasipo Baba, na kwamba nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa. Basi kivuko nacho, wanasema, hakikuzama nje ya mapenzi yake. Wako wanaoikwepa hoja hii kwa kusema Mungu hakuhusika, alikuwa mbali, maji yalifanya yake. Mimi siwezi kwenda nao. Mungu asiyehusika na Ziwa Victoria hana haja ya kuombwa na mtu anayevuka Ziwa Victoria. Nakubali kwamba anatawala. Swali langu ni moja: utawala huo unamwondolea mwanadamu wajibu wake?

Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume inajibu, na ajabu ni kwamba inajibu kwa ajali ya majini. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi. Wakiwa Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, msimu wa kusafiri umeshapita, naye anaonya kwamba wakiendelea watapata hasara ya shehena, ya chombo na ya maisha. Akida anayewasimamia wafungwa anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Wanaondoka. Dhoruba inawakamata, siku nyingi hawaoni jua wala nyota, na wanaanza kutupa vitu baharini.

Ndipo malaika anamwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye, hakuna atakayekufa. Neno la Mungu limetoka, na idadi yao inajulikana: watu 276. Kama utawala wa Mungu ungekuwa ule tunaouhubiri misibani, simulizi lingeishia hapo, na wote wangekaa kungoja. Lakini usiku wa kumi na nne mabaharia wanashusha mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za mbele, kumbe wanataka kutoroka na kuwaacha abiria. Paulo anamwambia akida na askari kwamba watu hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamtaokoka. Askari wanakata kamba, mashua inakwenda na maji.

Hebu tutazame vizuri hapo. Mtu yuleyule aliyepewa ahadi kwamba wote watapona anasema kwamba bila mabaharia hawatapona. Haoni mgongano wowote. Mungu aliyeahidi kuwafikisha pwani aliahidi kuwafikisha kwa mikono ya watu wanaojua kazi ya chombo, kwa mkate ambao Paulo aliwahimiza wale ili wapate nguvu, kwa ngano iliyotupwa baharini ili merikebu iwe nyepesi, na mwisho kwa mbao ambazo wasiojua kuogelea walizishika hadi nchi kavu ya Malta. Wote 276 walifika. Na onyo la Bandari Nzuri halikufutwa na wokovu huo; Paulo mwenyewe, katikati ya dhoruba, aliwakumbusha kwamba walipaswa kumsikiliza.

Mitume hawakuwa na aibu ya kusema mambo haya mawili kwa pumzi moja. Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu wa Yerusalemu kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa tangu mwanzo, na papo hapo akawaambia kwamba wao ndio waliomuua. Hakuna aliyeinuka kujitetea kwamba, maadamu Mungu alikusudia, basi sisi hatuna hatia. Walichomwa mioyo wakauliza wafanye nini. Hata Ungamo la Imani la Westminster la mwaka 1646, ambalo limeutetea utawala wa Mungu kwa ukali kuliko maandiko mengi ya Kikristo, linasema Mungu ameamuru yote yatokeayo na hapohapo linakana kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa dhambi au kwamba uamuzi wake unafuta visababishi vya kawaida. Wanaojiona wafuasi wa mafundisho hayo na huku wanamkingia kifua mwenye basi bovu wamesoma nusu ya sentensi.

Torati nayo imeingia mpaka kwenye ujenzi. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu anayejua siku za kila mtu ndiye anayedai ukingo. Mwenye nyumba hakuachiwa nafasi ya kusema siku za marehemu zilikuwa zimefika. Ng'ombe naye, akiwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenye ng'ombe ameonywa lakini hakumfunga, akiua mtu, Kutoka 21 inamfuata huyo mwenye ng'ombe.

Ayubu ndiye tunayemtumia vibaya kuliko wote. Maneno yake kwamba Bwana alitoa na Bwana akatwaa husomwa karibu kila kaburini, na ni maneno ya imani kuu, yaliyotoka kwa mtu aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja. Lakini yako katika sura ya kwanza ya kitabu chenye sura 42. Kuanzia sura ya tatu Ayubu analia, anahoji, anataka shauri lake lisikilizwe. Rafiki zake ndio wanaosimama upande wa Mungu na kumwambia anyamaze. Mwishoni Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Wahubiri wa misiba tungeisoma sura hiyo ya 42 polepole.

Nyuma ya kosa hili kuna kosa jingine kubwa zaidi, la kutojua mwanadamu aliumbwa kwa ajili gani. Tumefundishwa kwamba kusudi la mtu ni kufika mbinguni, na hapa duniani tunapita tu. Mwanzo inaanza kwingine. Mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, akapewa mamlaka juu ya viumbe, akawekwa bustanini ailime na kuitunza. Mungu mwenye mamlaka yote alichagua kutawala sehemu ya dunia kupitia kiumbe huyu. Mkata tiketi anayefunga dirisha akiwaambia watu chombo kimejaa, subirini safari ijayo, huku wakimtukana, anafanya kazi ya Adamu. Vivyo hivyo mkaguzi anayekataa bahasha, na muuguzi anayepima shinikizo la damu la mjamzito kila inapotakiwa. Wote hao wanamtukuza Mungu, hata siku ambayo hawakuimba pambio.

Najua nitaambiwa kwamba waliofiwa wanahitaji faraja, maswali yaachiwe polisi. Faraja naitaka pia, na naipata katika utawala huohuo wa Mungu: kifo hakikumshinda, na mfu wake hajapotea mkononi mwake. Ila kwenye kifo cha kwanza kinachosimuliwa katika Biblia, Mungu hakutangaza kwamba amepanga. Alimuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi, akasema damu inamlilia kutoka ardhini. Kama Mungu mwenyewe aliuliza, mama wa Ukara ana haki ya kuuliza bila kuitwa mkosa imani, na mchungaji wake ana wajibu wa kuuliza pamoja naye. Manahodha, madereva, wakaguzi na wauguzi wengi wanakaa kwenye madawati ya makanisa yetu. Wahubiriwe hayo Jumapili ya kawaida, wakati kesho yake wana safari ya kupakia abiria.