Acheni Kuisingizia Spea

Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kila pawasoo inayorudishwa ikikohoa hupewa hukumu moja: "Spea ni feki." Mteja huitamka kwa hasira, fundi humuunga mkono, na mwenye duka, ambaye hakuiona mashine ikifunguliwa, huachwa ajitetee. Nasema hukumu hiyo hutolewa kabla ya kesi kusikizwa, na inawagharimu wakataji miti wa Kangemi, Kawangware na Dagoretti pesa ambazo hawana.

Feki zipo, nami sizitetei. Sheria dhidi ya bidhaa ghushi ilipitishwa mwaka wa 2008 kwa sababu tatizo ni la kweli. Lakini hilo halithibitishi kwamba kabureta uliyonunua jana ni mojawapo. Hata iliyo halali kabisa itasumbua ikifungwa kwenye injini yenye ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Kabureta iliyopimiwa hewa ya pwani ikiletwa huku humwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma. Injini hutoa moshi, huwa nzito, na hukosa nguvu ikiingia kwenye gogo. Ndiyo maana kuna skrubu mbili ndogo, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa kasi. Fundi anayeifunga kabureta mpya na kukukabidhi mashine bila kuzigusa ameifanya kazi nusu. Na pawasoo iliyorekebishwa Karen, ikishuka Kilifi kukata minazi bila kurekebishwa tena, itapata petroli haba. Katika injini hizi petroli ndiyo inayobeba oili, kwa hiyo pistoni itaungua.

Hapo kwenye pistoni ndipo imani kwamba spea ni feki inapofanya uharibifu mkubwa zaidi. Pistoni inaungua, nyingine inanunuliwa pamoja na ringi, pengine hata silinda. Baada ya muda mfupi injini inanoki tena, na kilio cha feki kinaanza. Hakuna anayeuliza ile ya kwanza iliunguzwa na nini. Hewa na petroli ya pawasoo hupitia kwenye krenki kwanza ndipo ifike juu ya pistoni. Basi sili ya krenki iliyochakaa, au mpira wa kabureta uliopasuka, huingiza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta. Hewa inazidi, petroli na oili zinapungua, joto linapanda. Weka pistoni iliyotoka Ujerumani kwenyewe, nayo itaungua vilevile, kwa sababu ufa haujazibwa.

Ufa huo hujitangaza. Ukiachia mafuta, injini huendelea kupiga kelele kabla ya kutulia. Ukiinamisha mashine upande mmoja, mngurumo hubadilika. Kuthibitisha, fundi huziba njia ya hewa na ya moshi, akajaza upepo kwa pampu ya mkono yenye geji hadi nusu baa hivi, akatazama kama mshale unashuka. Kisha huvuta hewa itoke, kwani sili inaweza kuhimili kusukumwa ikashindwa kuvutwa.

Kabureta yenyewe nayo husingiziwa. Haina floti kama ya pikipiki. Pampu yake huendeshwa na mapigo ya presha ya krenki, yanayopita kwenye tundu dogo. Gasketi ikifungwa kinyume, tundu linazibwa, na kabureta mpya hufa njaa. Na mashine inayozimika baada ya dakika chache, ilegezee kifuniko cha tangi. Ikivuta pumzi kwa sauti kisha ikawaka vizuri, tangi limekosa mahali pa kupumulia. Kuligundua hilo hakugharimu hata shilingi.

Mbona basi haya hayafanywi? Kwa sababu sisi wateja tunakataa kulipia kutazama. Tunalipia kinachoshikika mkononi. Fundi wa jua kali akitaka alipwe kwa saa moja ya uchunguzi, tunamwita tapeli. Akisema "leta kabureta", tunatoa pesa papo hapo. Sisi ndio tuliomfundisha kubahatisha. Anayelipa gharama kamili ya kubahatisha huko ni kijana aliye juu ya mkalitusi unaoegemea paa Lavington, amefungwa kamba kiunoni, shina limekatwa nusu, na mashine inazimika mkononi mwake.

Wenye maduka nao wana la kufanya. Wasiuze pistoni kabla ya kuiona ya zamani. Ikiwa imekwaruzika upande wa egzosi pekee, hapo kuna hewa iliyozidi au joto kali, na mteja atafutiwe ufa kwanza. Ikiwa imekwaruzika pande zote, muulizeni alichanganya oili kiasi gani kwenye petroli, na aeleze ni oili gani. Fundi anayekuja mikono mitupu kununua, arudi kuileta ile ya zamani.