Mali bila daftari

MJOMBA wangu alinipigia simu mwezi uliopita kutoka Marekani. Ni mmoja wa Warundi waliokimbia mwaka 1972 ambao, baada ya zaidi ya miaka 30 ya ukimbizi, walipokewa huko kuanzia mwaka 2007. Alistaafu kazi ya usafi mwaka jana akiwa na miaka 65. Aliniuliza mimi, mwalimu wa hesabu niliyesomea kambini Tanzania: je, pensheni yote inatozwa kodi?

Jibu ni hapana, iwapo alichangia kutoka katika mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Mchango huo unamrudia bila kutozwa tena. Kinachozidi, yaani mchango wa mwajiri na faida, ndicho kinachotozwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mchango huo unagawanywa kwa idadi ya miezi iliyowekwa na sheria kufuatana na umri wa mstaafu siku pensheni inapoanza. Anayelipwa peke yake, akiwa na miaka 61 hadi 65, ni miezi 260. Akiwa na 66 hadi 70, ni 210. Pensheni ikiwa itaendelea kwa mjane, huangaliwa umri wa wote wawili.

Tuseme mjomba alichangia dola 13,000. Gawanya kwa 260, unapata 50. Akilipwa dola 400 kwa mwezi, zinazohesabiwa kwa kodi ni 350. Mchango wake ukiisha kurudi wote, baada ya miezi 260, pensheni nzima itatozwa.

Tatizo ni hiyo "tuseme". Karatasi aliyoletewa mwisho wa mwaka inaonyesha jumla aliyolipwa tu. Sehemu ya kutozwa kodi imeachwa wazi. Asipoonyesha alichangia kiasi gani, atalipa kodi ya pensheni yote, na zile dola 600 za kila mwaka zitatozwa mara ya pili.

Kadi ya chakula ya kambini anayo hadi leo, ameifunga kwenye nailoni, kwa kuwa bila kadi hukupata mahindi. Karatasi za mshahara alizitupa. Sasa anaandika barua kwa mwajiri wake wa zamani na kusubiri.

Ndugu msomaji, kama una jamaa anayefanya kazi huko, mwambie leo azitunze karatasi zake za makato kama tulivyotunza kadi zile. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.